Sista Aliyekataa Kuhama

Sista hakuwa mtu wa kusamehe. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi aliowazalisha humsifu kwa upole, na kweli mikono yake ilikuwa na upole ambao sijauona kwa mtu mwingine, hata sasa ninapofanya kazi hiyohiyo. Lakini upole wake uliishia kwenye vidole. Ukimkosea, alikuwekea. Miaka ingepita, ukasahau, ukaota mvi, na siku moja angekukumbusha, tena akitabasamu.

Kijiji chetu kiko ndani, ukishapita Njinjo, na sitakitaja jina kwa kuwa wahusika wangali hai na mmoja wao ni baba yangu. Zahanati ilikuwa moja tu. Masika yakikolea mto ulifura, barabara ikakatika, na mtu akizidiwa wakati huo ilikuwa ama Sista ama kaburi. Jina lake alikuwa nalo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akiliita. Wazee walimwita Sista, watoto Sista, na imamu akimwombea dua hadharani alisema "Mola amhifadhi Sista wetu."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shingo ndefu na mwendo wa pole. Gauni lake jeupe alilipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama, na alinukia klorini na udi kwa pamoja. Wanawake wengine walisema ni maringo, eti udi wa nini kwa mtu asiye na mume. Alipoyasikia maneno hayo alizidisha udi.

Tabia yake iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya mchana. Kliniki ikiisha alitoa kiti nje, akakiweka barazani pa zahanati na kukielekeza barabarani. Akanawa, akapandisha mguu juu ya mguu, akala. Sisi manesi tunakula kama tunaokimbizwa, lakini yeye alikula wali na samaki wa kukaanga taratibu, akichambua miiba mmoja mmoja, na kila aliyepita alimsalimu na kuchekeshwa.

"Sista, leo una furaha."

"Leo? Mimi nina furaha kila siku. Wewe ndiye hupiti kila siku."

Kisha akacheka kicheko kilichovuka barabara. Upande wa pili wa barabara palikuwa na ghala la ufuta, na mwenye ghala alikuwa baba yangu. Nikiwa mdogo nilidhani Sista anakaa pale kupunga upepo. Nilipokua kidogo, Mama akanieleza, huku akichambua kisamvu, bila hata kuinua macho.

"Hakai pale kwa ajili ya upepo. Anakaa pale baba yako amwone anavyoshiba."

Kwa maana Baba alikuwa mume wa Sista kabla hajamwoa Mama.

Habari ya walivyoachana sikuisikia kwa mtu mmoja. Kijiji kizima kilikuwa nayo, hasa wale waliokuwa kwenye benchi siku ile. Baba alikuja kwetu kutoka Newala kununua ufuta, akampenda nesi mgeni, akamwoa, na mwanzoni alijivuna sana kuwa na mke wa serikali. Miaka ikapita bila mtoto. Ndugu zake wakaanza maneno. Asubuhi moja ya kliniki, benchi limejaa wanawake na watoto, Baba akaja akasimama mlangoni. Sista alikuwa amemning'iniza mtoto kwenye mzani na macho yake yako kwenye mshale.

"Nimechoka," Baba akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mikono inayoshinda kwenye damu na mikojo ya watu, jioni inipikie mimi! Na tumbo lenyewe tupu. Kazi yako kuzalisha wenzako tu. Kuanzia leo nimekuacha, wewe si mke wangu."

Sista alisubiri mshale utulie, akasoma uzito, akamwambia mama wa mtoto, "Kaongezeka vizuri, endelea kumnyonyesha." Akamshusha mtoto, akamvalisha suruali yake. Ndipo akasema, bila kumtazama Baba, "Nimesikia." Akageukia benchi.

"Anayefuata."

Alifanya kazi siku ile mpaka mwanamke wa mwisho, na hakuna mtoto aliyekosa chanjo yake. Kisha akafunga mlango akabaki ndani. Alifanya nini humo ndani hakuna ajuaye. Kesho yake zahanati ilifunguliwa mapema kuliko siku zote, na gauni lilikuwa jeupe kuliko siku zote.

Wakubwa wake wa wilayani, waliposikia, walimwonea huruma wakamwambia watamhamishia mjini. Alikataa. Baadaye walimwambia tena, akakataa tena. Nilipokwisha kuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini, na nilitegemea aniambie aliwapenda wagonjwa wake. Alinishangaa.

"Nihame? Kosa alifanya yeye, safari nisafiri mimi? Nilibaki ili kila akifungua ghala lake anione. Na anione nimependeza."

Baba naye hakuweza kuondoka, kwa sababu ghala lilikuwa pale, mikorosho yake ilikuwa pale, na alikwisha kuleta mke mpya kutoka Kikole. Mke huyo ndiye Mama. Na Mama hakukaa sana kabla ya kushika mimba.

Mimba hiyo ilikuwa mimi. Mama alinisimulia kwamba kadiri siku zilivyokaribia ndivyo alivyokosa usingizi. Aliwaza kwamba atakwenda kulala kitanda cha zahanati, miguu juu, mbele ya mke wa kwanza wa mumewe. Alitaka kurudi kwao Kikole, lakini mvua zilikuwa zimekwisha kukata barabara. Uchungu ulipomshika alikwenda kwa miguu, analia, na haikuwa kwa uchungu peke yake.

Sista alimpokea mlangoni, akamwangalia.

"Unaniogopa?"

"Ndiyo, Sista."

"Vizuri. Uniogope ukishatoka humu. Humu ndani wewe ni mzazi wangu. Panda kitandani."

Nilizaliwa saa nne asubuhi, bila shida. Shida ilikuja baada yangu. Mama alianza kutoka damu, nyingi, isiyokata. Anasema alimwona Sista akimchoma sindano, kisha akaweka ngumi juu ya tumbo lake akakandamiza kwa nguvu zake zote, akakanda, akakandamiza, jasho likimdondoka kidevuni, na muda wote anamtukana. Alimtukana Mama matusi ya nguoni, kwa Kimatumbi, ili asipoteze fahamu. "Usinifie hapa, wewe! Usinifie! Watasema nimekuua mimi! Ukinifia nitakufuata hukohuko!" Mama anasema hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Damu ilikata. Sista akamfuta, akamfunika, akamnywesha uji. Kisha akaniogesha, akanifunga kanga, akabadili gauni, akajifukiza udi, akatoka nje na mimi mikononi.

Baba alikuwa amesimama chini ya baraza, pamoja na watu wengine waliokuja na wagonjwa wao.

"Mtoto wa kike," Sista akasema. "Mzima. Na mama yake mzima."

Baba akanyoosha mikono. Sista hakumpa.

"Sema asante."

Baba akanong'ona kitu.

"Sijasikia. Na hawa hawajasikia."

"Asante."

"Asante nani?"

Wanasema Baba alitazama chini. "Asante, Sista," akasema. Ndipo nikawekwa mikononi mwake.

Basi ikawa hivyo kwa kila mdogo wangu. Mama alizaa watoto wengi, na kila mmoja alipita mikononi mwa Sista, na kila mara Baba alisimama chini ya baraza akashukuru kwa sauti mbele ya watu kabla ya kupewa mtoto wake. Mara moja alijaribu kumpeleka Mama mjini mapema ili aepuke. Mama alikataa katakata. "Mimi nazalia kwa Sista," alisema. "Wewe kama unaona haya, kaa nyumbani." Nilikuwa mkubwa kidogo wakati huo na nakumbuka Baba alivyokuwa akichokonoa ardhi kwa fimbo.

Msidhani kisasi cha Sista kilikuwa cha mtu mmoja tu. Alikuwa nacho cha kuwagawia wengi. Mwenyekiti mmoja wa kijiji aliwahi kukataa bomba la maji lisifikishwe zahanati, akalipeleka karibu na kwake. Kuanzia siku hiyo Sista hakukosa mkutano wa kijiji hata mmoja. Alisubiri mwisho, akasimama, akasema kwa adabu, "Naomba niwakumbushe kwamba leo pia nimewaogesha watoto wachanga kwa maji ya ndoo niliyobeba kichwani, kwa sababu Mwenyekiti anapenda kuoga karibu." Watu walicheka. Mkutano uliofuata alisema hivyohivyo. Na uliofuata. Aliyasema mpaka watoto wakawa wanayasema njiani kama mchezo. Bomba lilikuja, nalo lilipokuja Sista aliwaalika watu wote, akamfanya Mwenyekiti alifungue kwa mkono wake, akamshukuru kwa maneno mengi mno.

Wapo wanaosema mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na furaha, kwamba kile kicheko cha barazani kilikuwa maonyesho na usiku alikuwa analia. Nami niliwahi kuwaza hivyo. Lakini nilimwona siku moja ambayo hakujua anaonekana. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimekuja likizo, nikaingia zahanati kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Mzazi alikuwa amekwisha kutolewa. Sista alikuwa peke yake chumba cha kuzalia, anafuta damu sakafuni kwa tambara la deki, na alikuwa anacheza. Hakucheza sana. Alikuwa anayumbisha nyonga kidogo, anaimba puani, anasogeza ndoo kwa mguu kwa mwendo wa ngoma. Uso wake ulikuwa laini kama wa msichana. Hapakuwa na Baba wa kumwona wala benchi la kusikiliza. Nilirudi nyuma taratibu, nikaenda kuingilia mlango wa mbele.

Na nilimwona pia siku ambayo mtoto wa watu alizaliwa hapumui, akahangaika naye, isisaidie. Siku hiyo kiti hakikutolewa barazani. Baba, ng'ambo ya barabara, alitazama mara kadhaa upande wa zahanati, kisha akafunga ghala mapema. Sijui alijua nini. Lakini ninaloweza kusema ni kwamba raha ya mwanamke yule ilikuwa ya kweli, na kisasi chake kilikuwa cha kweli, na alivila vyote viwili sahani moja.

Sasa nifike kwangu.

Nilipomaliza kidato cha nne Baba alikuwa amekwisha kunipatia mchumba, mnunuzi wa ufuta kutoka Lindi, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake. Siku moja nilimpeleka mdogo wangu kliniki. Sista akamdunga chanjo, akanitazama.

"Nasikia unaolewa."

"Ndiyo, Sista."

"Unataka?"

"Sitaki."

"Unataka nini?"

Nikamwambia kweli kwamba sijui.

"Basi njoo kesho, ukae na mimi, uone. Usipopenda, nenda kaolewe."

Nilikwenda. Siku ile ile alizalisha, na aliniita nishike taa ya tochi kwa kuwa chumba kilikuwa na kiza hata mchana. Nilidhani nitaogopa damu. Badala yake nilisimama pale, tochi mkononi, na mtoto alipotoka akalia, na mama yake akageuza shingo kumtafuta kwa macho, nilihisi kitu ambacho sikuwa nimehisi maishani. Sista aliniona. Alitabasamu kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa.

Juma lile lile alikuja nyumbani kwetu. Alikuwa hajakanyaga ua ule tangu aachwe. Alikuja mchana, na gauni lake jeupe, akapiga hodi, akaingia. Baba alikuwa anakula. Mkono wake ulibaki juu ya sahani.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimemfuata huyu," Sista akasema, akinionyesha kwa kidole. "Anakwenda chuo cha uuguzi. Nitamsomesha mimi."

"Huyu ni mwanangu."

"Wako. Sijasema si wako. Mimi ndiye niliyemtoa, nikamtoa na mama yake kaburini siku hiyohiyo. Sasa nimekuja kuchukua haki yangu."

Baba akasimama. "Binti yangu hatashika uchafu wa watu! Umeniroga nyumba miaka yote, sasa unataka na mtoto?"

Nilimtazama Mama. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mumewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi.

"Aende," Mama akasema.

"Wewe nyamaza."

"Siku ile natoka damu, wewe ulikuwa nje unasubiri mtoto. Hukuuliza mimi nikoje mpaka ulipoambiwa. Huyu alikuwa juu ya tumbo langu anatoka jasho. Aende, baba watoto. Na huyo mnunuzi wako, kama unampenda sana, mwambie akuoe wewe."

Baba alitoka bila kuvaa viatu. Sista alimtazama akienda mpaka alipopotea, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekunywa maji baada ya kufunga. Kisha akanigeukia.

"Nisikilize. Ukifeli, usirudi kijijini hapa. Sitavumilia aibu hiyo mbele yake."

Sikufeli. Nilisoma kama ninayefukuzwa na simba. Nilipomaliza mwaka wa kwanza nilirudi likizo na sare ya chuo, na nilishuka kwenye gari pale njiapanda ilhali ningeweza kushukia nyumbani. Nilikata barabara yote kwa miguu, polepole, nikapita mbele ya ghala. Baba alikuwepo, na yule mnunuzi wa Lindi alikuwepo, wanapima ufuta. "Shikamooni," nikasema. Waliitikia marahaba kwa pamoja. Mnunuzi alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu vyeupe. Sikuharakisha. Barazani pa zahanati Sista alikuwa na sahani yake mapajani, na aliacha kutafuna ili aone vizuri.

Alinifundisha mengi ya kazi, lakini neno lake lililobaki kwangu alilisema siku nilipomlalamikia kwamba wodini nilichoka, kwamba huruma ilinikauka, wagonjwa wakawa kama mizigo.

"Nani amekwambia ufanye kazi hii kwa huruma? Huruma inachoka saa sita mchana. Tafuta kitu kisichochoka."

"Kama nini, Sista?"

"Mimi nina hasira. Wewe tafuta chako."

Nimekipata. Sina haja ya kukipamba. Napenda kuwa mtu ambaye mzazi anamshika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Napenda ule ukimya wa wodi baada ya mtoto kunyonya mara ya kwanza. Nafanya kazi wodi ya wazazi, mji wa pwani huku kwetu, na watu wakiniuliza kama nimechoka na serikali, na zamu, na uhaba wa vifaa, nasema nimechoka, halafu asubuhi najikuta naamka kabla ya saa ya simu kulia. Na siku nyingine, ndiyo, namkumbuka Baba na lile neno lake la uchafu, na navaa gauni langu kwa furaha zaidi.

Sista alipostaafu alijenga Mtanda, Lindi mjini, nyumba ndogo yenye baraza pana. Majirani walimjua haraka. Huja kupimwa presha, huja kuulizia homa za watoto, na wengine, nina hakika, wamekwisha kuwekwa kwenye moyo wake kwa makosa watakayokumbushwa baadaye.

Nilimtembelea baada ya masika yaliyopita. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa anamenya ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vyetu vya porini, na macho yake yalikuwa yameanza ukungu, hivyo alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Nesi. Kaa. Zamu zikoje?"

Tangu nihitimu hakuwahi kuniita jina jingine. Nikamsimulia zamu. Alitaka kila kitu, pacha waliozaliwa wiki ile, daktari mpya mwenye kiburi, mzazi aliyenitemea mate kisha akamwita mwanawe jina langu. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko. Ndipo nikasema nililotumwa.

"Sista, Baba yuko kwangu. Anaumwa. Amenituma nikuombe radhi. Anasema asife na deni lako."

Aliendelea kumenya.

"Anaumwa nini?"

"Sukari. Ana kidonda mguuni."

"Kimefika mfupa?"

"Hapana."

"Kinanuka?"

"Kidogo, asubuhi."

Akaanza kuniagiza kama mwanafunzi. Nikioshe mara mbili kwa siku, nikikaushe, asiwekewe majani ya mtu yeyote, asitembee peku hata kwenda msalani, nimnyime chai ya sukari hata akinitukana. Aliuliza vidole vina joto au vina baridi. Aliuliza anakula nini. Aliuliza mengi hata nikaona moyo wake umeshalegea, nikapata ujasiri.

"Basi nimwambie umemsamehe?"

Akaweka kisu chini.

"Nimekuuliza habari za mguu. Mguu utapona, mwambie mimi ndiye niliyesema. Radhi hapana."

"Ni mzee sasa, Sista."

"Na mimi je, ni msichana?"

"Akifa?"

"Nitakwenda mazikoni, na nitakaa mbele."

Upande wa pili wa ukuta mtoto wa jirani alikuwa analia na mama yake anambembeleza. Nikamuuliza lile nililolibeba miaka.

"Sista, ulinisomesha kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kumkomoa Baba?"

"Kumkomoa baba yako."

Hakufikiri hata kidogo. Nilihisi uso unawaka. Yeye alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata goti langu.

"Mwaka wa kwanza ulikuwa mkuki wangu, sikufichi. Nilikuwa nalala nacheka. Mwaka wa pili ukawa unakuja kunisimulia wagonjwa wako, nami nakusikiliza, unakwisha mchana mzima sijamkumbuka mtu yule. Nilikasirika sana. Nikasema, huyu mtoto ataninyang'anya hasira yangu. Ilibidi nitoke nje nikae barazani nimtazame, ndipo irudi." Akaliachia goti. "Wewe una raha?"

"Nina raha, Sista."

"Kweli, au ya kuonyesha?"

"Kweli."

"Haya. Kula ming'oko, itapoa."

Jioni nilirudi kwangu. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mguu juu ya mto, amekonda. Hakuningoja hata niketi.

"Kasemaje?"

"Kasema mguu utapona."

"Na lile jingine?"

"Amekataa."

Alitazama dari. Nilidhani atalia, na nilijiandaa, kwa maana mara ya mwisho nilipomwona akilia ni pale tulipomzika Mama. Lakini aliguna, kisha mabega yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka.

"Afadhali," akasema. "Angekubali, ningejua na yeye anakufa."

Kesho yake nilimwosha kidonda kama nilivyoagizwa, nikakikausha, nikafunga kitambaa kisafi. Alikuwa ananitazama mikono. Nilipokuwa nafunga fundo la mwisho akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeizoea kwake.

"Na wewe, mwanangu? Wewe umenisamehe?"

Nilikusanya pamba zilizotumika nikazitia kwenye mfuko. Nikanawa. Nikatazama saa ya ukutani.

"Naingia zamu saa nane, Baba," nikasema. "Chakula chako kiko mezani."

Hajauliza tena, nami sijamjibu mpaka leo, na mguu unaendelea vizuri. Siku ile nilivaa gauni langu, nikatoka, nikapita barabarani juani nikiwaitikia watu salamu. Nilipofika wodini wazazi watatu walikuwa wananisubiri, na nilikuwa na raha.